Amelaaniwa na Nani? Ufundi wa Mtafsiri kwenye Ufukwe wa Nyasa

Miongoni mwa maneno ambayo mtafsiri hawezi kuyavusha kutoka lugha moja hadi nyingine bila kwanza kuwajua wenye lugha hizo, imani zao na hofu zao, neno linalomtaja mtu aliyelaaniwa linastahili kutangulizwa, kwa kuwa halielezi hali tu bali hudaiwa kuileta hali hiyo, nalo huileta kwa masharti: awepo aliyelitamka, awepo aliyetamkiwa, na iwepo mamlaka inayolipa nguvu, iwe ya Mungu, ya mzazi au ya waliotangulia. Mtafsiri akilisahau sharti mojawapo, neno lake litasomeka na litaeleweka, lakini halitamtisha mtu, na laana isiyotisha si laana tena. Ufundi huu wa kulihamisha neno pamoja na uzito wake haujasifiwa vya kutosha, pengine kwa sababu unapofanikiwa msomaji hauoni. Sifa zake huonekana vizuri zaidi mahali ambapo lugha nyingi zinaishi bega kwa bega, na kwa Tanzania ni vigumu kupata mahali panapofaa zaidi kuliko nchi inayoteremka kutoka milima ya Umatengo wilayani Mbinga hadi vijiji vya ufukweni kama Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, ambavyo leo vimo katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga.

Katika eneo hilo Kimatengo husemwa milimani, Kimpoto na Kinyasa ufukweni, Kimanda upande wa kaskazini, Kingoni kwa majirani wa Songea, na Kinyanja visiwani Likoma na ng'ambo ya ziwa, huku Kiswahili kikiwa lugha ya shule, ya soko na ya ibada kwa wote. Wataalamu wa isimu, yaani sayansi ya lugha, huziweka karibu lugha zote hizo za wenyeji katika kundi moja la Kibantu wanaloliita kanda N, ambamo Kimatengo kimepewa namba 13. Lakini undugu huo usimdanganye mtu, maana Kimatengo kina irabu saba pale Kiswahili chenye tano kinapotosheka, na hutofautisha maana kwa toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Miongoni mwa wa kwanza kuandika msamiati wa nchi hii walikuwa wamisionari Wabenediktini, ambao waliasisi Peramiho mwaka 1898: Cassian Spiss alichapisha makala ndefu juu ya Kingoni na Kisutu mwaka 1904, mwaka mmoja kabla ya kuuawa katika Vita vya Maji Maji, na Johannes Häfliger akachapisha kamusi ya Kimatengo mwaka 1909. Baada yao wamefuata wengine, akiwemo mwanaisimu wa Kijapani Nobuko Yoneda, aliyeishughulikia lugha ya Kimatengo kwa miaka mingi, na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi ya mtafsiri huanzia katika orodha hizo za maneno, ingawa haiishii humo, kwa sababu kamusi humwambia neno gani lipo na mara chache humwambia nani anaruhusiwa kulitamka.

Kiswahili chenyewe kinatosha kumfundisha tofauti hiyo. Laana ni neno la asili ya Kiarabu, na mzizi wake katika Kiarabu unabeba maana ya kufukuza na kuweka mbali na rehema. Kutoka kwa mzizi huohuo Kiswahili kilipata pia maluuni, yaani mlaaniwa, neno ambalo limelainika kwa matumizi hata likawa tusi la kawaida kwa mtu mbaya. Apizo ni neno la Kibantu, nalo ni mtoto wa kitenzi kuapa, kwa hiyo anayemwapiza mwenziwe, kwa asili ya neno, anamwingiza katika kiapo ambacho hakukila mwenyewe. Kuna tena radhi, ambayo kwa juu juu haina uhusiano na laana hata kidogo, kwani maana yake ni kuridhika. Lakini mtoto aliyekosa radhi ya mama yake yuko katika hali ambayo lugha nyingine zingeiita laana bila kusita, na msemo kwamba mzazi amemwachia mtoto radhi husikika kwa hofu ileile. Juu ya hayo yote kuna dua, ambayo ni ombi jema mpaka pale inapoelekezwa kwa adui, na ndiyo maana methali isemayo kwamba dua la kuku halimpati mwewe haisemi juu ya sala bali juu ya laana ya mnyonge, na swali lake, lililo zito kuliko linavyodhaniwa na wanaoitumia kwa mzaha, ni kama neno la asiye na mamlaka linaweza kumfikia mwenye nguvu.

Utajiri huo wa maneno unafuatwa na utajiri wa sarufi, na hapa ndipo ufundi wa kweli unapoanza. Mtu anaweza kusema kwamba fulani amelaaniwa, akitumia kauli ya kutendwa, ambayo daima huacha nafasi wazi baada yake, nafasi ya neno "na" pamoja na jina la aliyelaani. Anaweza kusema kwamba amelaanika, akitumia kauli ya kutendeka, ambayo huonyesha hali pasipo kuuliza imeletwa na nani. Anaweza kusema pia kwamba ana laana, kana kwamba ni kitu anachokibeba na ambacho wengine wanaweza kuambukizwa. Kwa msomaji mwenye haraka semi hizi tatu ni kitu kimoja. Kwa mtafsiri ni imani tatu mbalimbali kuhusu asili ya msiba, na kuchagua mojawapo ni kutoa hukumu.

Lugha za dunia zimegawanyika vivyo hivyo. Kilatini kilisema maledictus, yaani aliyesemwa vibaya, na watoto wake, Kifaransa, Kihispania na Kiitalia, wakarithi neno hilo pamoja na wazo kwamba laana ni usemi tu, ila ni usemi uliogeuka ubaya. Kigiriki cha kale kilitumia neno moja, ara, kwa sala na kwa laana, kama Kiswahili kinavyotumia dua katika methali ya kuku na mwewe. Kirusi kina klyatva kwa kiapo na proklyatie kwa laana, maneno ya ukoo mmoja kama vile kuapa na kuapiza. Kituruki hutumia lanetli, yaani mwenye laana, na Kisomali kina habaarqabe, mtu ambaye laana, na hasa ya wazazi, imemkaa. Zote mbili husisitiza mzigo alionao mtu kuliko aliyemtwisha. Kiindonesia, kwa neno terkutuk, hutumia kiambishi kinachoonyesha hali iliyomfika mtu, karibu sawa na kulaanika. Katika lugha kadhaa za Kiafrika, laana na tusi hukaa nyumba moja: kitenzi kutuka cha Kishona hubeba kukaripia, kutukana na kulaani, na kirumi, laana ya Wakikuyu ambayo mzee anayekaribia kufa aliweza kuiacha juu ya watoto wake, ni neno la ukoo wa kitenzi cha kutukana. Mtafsiri anayetoka katika lugha iliyotenga matusi na laana, kama Kiswahili, akaingia katika lugha isiyoyatenga, hana budi kujiuliza kila mara kama wasomaji wake watasikia mtu akilaaniwa au akigombezwa tu.

Aliyekutana na matatizo hayo yote kwenye ufukwe wa Nyasa, na kuyafanyia kazi kwa karibu nusu karne, alikuwa William Percival Johnson wa misheni ya Kianglikana iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA, ambaye aliwasili Afrika ya Mashariki mwaka 1876, akafika Masasi pamoja na Askofu Edward Steere na watu waliokombolewa utumwani, kisha akaelekea ziwani, ambako aliishi mpaka alipofariki na kuzikwa Liuli mwaka 1928. Johnson alipoteza jicho moja kwa maradhi na akabakiwa na uoni hafifu wa la pili, lakini akiwa katika hali hiyo, huku akizunguka vijiji vya ufukweni kwa meli ya misheni, alitafsiri Biblia nzima katika Kinyanja cha Likoma, ikachapishwa mwaka 1912. Miaka kumi baadaye, wamisionari wa Kipresbiteri na wenzao wa upande wa magharibi wakatoa Biblia nyingine ya Kinyanja, nayo ikaenea zaidi. Kwamba ziwa moja lilihitaji Biblia mbili katika lugha yenye jina moja si uthibitisho wa ugomvi wa makanisa pekee. Ni ushahidi pia kwamba neno linaloaminika ufukwe huu linaweza kusikika la kigeni ufukwe ule. Kinyanja kina kitenzi kutemberera kwa kulaani, na aliyelaaniwa huitwa wotembereredwa, neno ambalo ndani yake kuna kiambishi cha kutendwa kinachofanya kazi ileile ya "-wa" ya Kiswahili, na kwa hiyo huacha nafasi ileile ya kuuliza.

Si kila lugha ya Kibantu inayofanya hivyo kwa urahisi. Katika Kibemba cha Zambia, kwa mfano, mahali pa kauli ya kutendwa mara nyingi hutumiwa umbo lenye maana ya "wamemfanya", yaani watu fulani wasiotajwa wamefanya jambo, na maana ya kutendwa huachwa ieleweke. Mtafsiri mwangalifu akiingia katika lugha yoyote ya bonde la Nyasa hatangulii kudhani. Huuliza kwanza ni umbo gani wenye lugha hulitumia wanapotaka kunyamazia jina la mtenda, na kama ukimya huo ni wa heshima, wa hofu au wa kutojua. Katika habari za laana swali hilo ni kubwa kuliko lilivyo katika habari za kuvunjika kwa sufuria, kwa kuwa kusema "wamemlaani" mahali ambapo watu wanaogopa uchawi kunaweza kuwafanya wasikilizaji wamtafute jirani wa kushutumiwa, na mtafsiri mwenye dhamiri hawezi kukubali maandiko yake yawe chanzo cha shutuma hiyo.

Matini ya Kiebrania, ambayo ndiyo chimbuko la sehemu kubwa ya tafsiri hizi, inaongeza ugumu wake. Kiebrania kina arur kwa aliyefungwa na laana iliyotamkwa rasmi, kina qelala ambayo mzizi wake ni wepesi, yaani kumfanya mtu kuwa kitu chepesi kisicho na thamani, na kina ala, kiapo chenye adhabu ndani yake. Katika kisa cha Balaamu, mtabiri aliyekodiwa na mfalme wa Moabu ili awalaani Waisraeli, na ambaye kila alipofungua kinywa alijikuta akibariki, msimulizi anatumia vitenzi zaidi ya kimoja kwa tendo hilo moja, na tafsiri inayotia "kulaani" mahali pote hutoa habari kamili lakini hupoteza mkazo unaopandishwa na ubadilishaji huo. Ingefaa sana apizo lipewe nafasi hapo, kwa kuwa Balaamu alikuwa mtu wa kazi aliyelipwa kuapiza, na neno la Kibantu lingemweka karibu zaidi na wasikilizaji kuliko neno ambalo tayari limekwisha kuwa la kanisani na msikitini.

Kisa cha mke wa Ayubu ni kigumu kupita hicho. Katika Kiebrania, mwanamke huyo anapomhimiza mumewe amlaani Mungu, neno lililoandikwa ni la kubariki, kwa sababu ilionekana haifai kuliweka neno la laana kando ya jina la Mungu, na msomaji aliachiwa aelewe kinyume chake. Watafsiri wa Kiswahili wa Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 walichagua kitenzi kukufuru, na uamuzi huo unastahili pongezi: kukufuru hakudai kwamba binadamu ana uwezo wa kumlaani Muumba wake, jambo ambalo masikio ya Mswahili yangelikataa, bali kunataja kosa lenyewe, yaani kumkana na kumvunjia heshima. Hapo mtafsiri hakufuata neno wala hakulikwepa, alilipa cheo chake.

Lipo pia jambo ambalo uaminifu wa mtafsiri umelitetea kwa manufaa ya watu wa ufukwe huu wenyewe. Njia ya misafara iliyotoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa ilikuwa mojawapo ya njia kuu za biashara ya watumwa katika karne ya 19, na miongoni mwa hoja zilizotumiwa duniani kuihalalisha biashara hiyo ilikuwemo ile ya laana ya Hamu, iliyodai kwamba watu weusi ni wazao wa mtu aliyelaaniwa na kwa hiyo utumwa ni haki yao. Yeyote asomaye sura ya tisa ya Mwanzo katika tafsiri iliyo sahihi huona kwamba Hamu hakulaaniwa mahali popote. Jina linalotajwa ni la Kanaani, na anayelaani ni Nuhu, mzee aliyeamka kutoka ulevini, wala si Mungu. Hoja nzima ilijengwa kwa kubadilisha aliyelaaniwa na kuficha aliyelaani, yaani kwa kufanya makosa mawili ambayo mtafsiri mzuri hufundishwa kuyaepuka tangu siku ya kwanza. Katika Kiswahili, msomaji wa Lituhi ana jina la Kanaani mbele ya macho yake, na hahitaji msomi wa kumweleza.

Upande wa Uislamu nao una somo lake. Katika maneno ambayo Waislamu huyasema kabla ya kusoma Kurani, shetani huitwa kwa sifa ya Kiarabu rajim, ambayo kwa mzizi wake ni mwenye kupigwa mawe na kufukuzwa, lakini madrasani sifa hiyo mara nyingi huelezwa kwa Kiswahili kuwa "aliyelaaniwa". Tafsiri hiyo si kosa, kwa sababu kufukuzwa ndiko kunakokaa ndani ya laana ya Kiarabu tangu mwanzo, lakini jiwe limeachwa njiani. Kurani imetafsiriwa kwa Kiswahili mara kadhaa, kwanza na Godfrey Dale mwaka 1923, naye alikuwa wa misheni ileile ya Johnson, na baadaye na Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, kadhi na mwanachuoni wa Unguja, ambaye kazi yake kamili ilitoka mwaka 1969. Anayezisoma kwa kulinganisha atajifunza jinsi neno laana linavyobadilika sauti likiandikwa na mtu aliye nje ya imani na likiandikwa na mtu aliye ndani yake, hata pale herufi zinapobaki zilezile.

Nje ya vitabu vya dini, mfano ulio mkubwa kuliko yote katika Tanzania ni kitabu cha mwaka 1961 cha Frantz Fanon, mwanafikra aliyepinga ukoloni, ambacho jina lake la Kifaransa linawataja damnés wa dunia. Neno hilo linatokana na kitenzi cha Kilatini cha kuhukumu na kutoza, kwa hiyo kiini chake ni hukumu ya mahakama, ya Mungu au ya wanadamu. Kihispania kikawaita waliohukumiwa, Kijerumani kikakaa karibu na Kifaransa, Kiarabu kikawaita walioteswa, na Kiingereza kikachukua neno la wanyonge ambalo kwa asili yake ya kale lilimaanisha mtu aliyefukuzwa kwao. Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga, katika tafsiri iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1978, wakachagua Viumbe Waliolaaniwa. Jina hilo linastahili kusomwa polepole. Dunia imeondolewa, na mahali pake wamekuja viumbe, neno litokanalo na kuumba na linalomkumbusha msomaji Muumba, kana kwamba laana imeshuka kutoka juu. Lakini mara tu baada ya viumbe inakuja ile "-wa" ya kutendwa, na nafasi tupu iliyo nyuma yake, na kitabu kizima chenye mamia ya kurasa hakifanyi kazi nyingine ila kuijaza nafasi hiyo kwa jina la mkoloni. Ingeandikwa "viumbe wenye laana" au "viumbe waliolaanika", hoja ya Fanon ingekufa kwenye jalada. Kwa wasomaji wa mkoa wa Ruvuma, zilimo Mbinga na Nyasa, ambao babu zao waliuona mkakati wa Wajerumani wa kuchoma vyakula wakati wa Maji Maji, na ambao ng'ambo ya mto wao Msumbiji ilipigana vita vya ukombozi kuanzia 1964 hadi 1974, jibu la "na nani?" lilikuwa karibu.

Ufundi wa namna hii haujitangazi, nao kwa jambo hilo unafanana na kilimo cha ngoro cha Wamatengo, ambamo majani yaliyofyekwa hulazwa kwa mistari ya miraba kwenye mteremko, kisha udongo unaochimbwa katikati hufunika majani hayo, ili mashimo yashike maji na matuta yasibomoke: mpita njia huona maharage na mahindi, wala haoni majani yaliyofukiwa. Chini ya neno moja lililochapishwa yamelala maneno matano au sita yaliyopimwa na kuachwa, na ni hayo yanayolishikilia.

Linabaki suala la kuondoa laana, ambalo kwa mtafsiri ni gumu kuliko la kuitia. Kiswahili kina kauli ya kutendua, ambayo hugeuza tendo kinyumenyume: aliyefunga hufungua, aliyetega hutegua, na hata tego la mganga lina wa kulitegua. Kulaani hakupokei kauli hiyo. Hakuna kitenzi cha Kiswahili kinachoirudisha laana nyuma kwa kubadilisha mwisho wake, na wenye lugha, wanapotaka kusema jambo hilo, husema kwamba aliyekosewa amemwia radhi aliyekosa, au kwamba laana imeondolewa, maneno ambayo yote yanamrudia mwenye laana na kumtaka atende. Ndiyo sababu mahali ambapo Mtume Paulo anawaandikia Wagalatia juu ya Kristo na laana ya torati, Kiswahili hakikutumia neno la kufungua bali kilishika kukomboa, ambalo katika maisha ya kawaida ni kulipa kilichodaiwa ili kitu kilichowekwa rehani kirudi kwa mwenyewe. Askofu Steere alikuwa akitafsiri maandiko kwa Kiswahili huko Unguja katika miaka ileile ambapo kanisa kuu la Mkunazini, lililoanza kujengwa mwaka 1873, lilikuwa likisimamishwa mahali palipokuwa soko la watumwa, na waumini wa kwanza wa Masasi walikijua kitenzi hicho kwa miili yao kabla hawajakisikia katika mahubiri. Mtafsiri wa leo anayefanya kazi katika Kimatengo, Kimpoto au Kimanda anapofika mstari huo anaulizwa na lugha yake maswali mawili kwa mpigo, laana hiyo ilitoka kinywani mwa nani na deni lake hulipwa kwa nani, na wazee anaokaa nao chini kuyajibu huwa hawakubaliani haraka.